Swali Moja kwa Tawi na kwa Jani: Nasaha kwa Waandishi wa Programu

Kaunti ya Nakuru ina kaunti ndogo 11, na kaunti ndogo hizo zimegawika katika wadi 55, kuanzia Biashara na Kivumbini katikati ya mji hadi Tinet na Kiptagich kandokando ya msitu wa Mau. Na ndani ya wadi hizo kuna masoko, zahanati, shule za chekechea na visima vya maji ambavyo serikali ya kaunti, tangu ugatuzi uanze baada ya uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, imepewa dhamana ya kuviangalia. Mtu aliyewahi kuombwa aandike programu ya kompyuta ya kuhesabu jambo lolote katika mpangilio huo, mathalan ushuru unaotozwa masokoni, atakubali kwamba taabu ya kazi hiyo haiko katika hesabu, maana kujumlisha ni elimu ya mtoto mdogo, bali iko katika daraja. Msimamizi wa soko hutaka kujua soko lake limeingiza kiasi gani. Msimamizi wa wadi hutaka jumla ya masoko yote ya wadi yake. Msimamizi wa kaunti ndogo hutaka jumla ya wadi zake. Na waziri wa fedha wa kaunti hutaka jumla ya jumla zote. Waulizaji ni wengi na vyeo vyao vimehitilafiana, lakini swali lao ni moja.

Makala haya yanakusudia kumnasihi mwandishi wa programu, hasa kijana anayesoma Njoro au Kabarak, au aliyekwisha kuajiriwa katika ofisi, chama cha ushirika au kampuni ya hapa kwetu katika Bonde la Ufa, juu ya njia iliyo bora ya kulijibu swali la namna hiyo. Njia yenyewe ni ruwaza ya usanifu iitwayo Kompositi, nayo ni mali ya wale wanaoandika programu kwa mtindo wa vitu, yaani mtindo ambao kila kitu ndani ya programu hubeba habari zake pamoja na amri za kuzishughulikia. Rai yangu yaweza kusemwa kwa maneno machache: kipe kila kitu katika daraja, kikubwa na kidogo, uwezo wa kulijibu swali lile lile kwa jina lile lile, lakini kabla hujafanya hivyo, jiyakinishie kwamba ulicho nacho ni mti kweli.

Tutazame kwanza desturi ya wengi ili tuone kasoro yake. Mwandishi asiyeijua ruwaza hii aghalabu huandika mafungu manne ya amri: moja la kujumlisha soko, jingine la wadi, la tatu la kaunti ndogo na la nne la kaunti nzima; na kila mahali programu inapokutana na kitu, hukihoji kwanza kama ni soko, au wadi, au kaunti ndogo, kisha hushika njia kulingana na jibu. Siku ya kwanza programu hiyo hufanya kazi yake barabara, na mwenyewe hupongezwa. Dhiki huja pale ulimwengu unapobadilika, na ulimwengu wa utawala haukosi kubadilika. Tarehe 1 Desemba 2021 mji wa Nakuru ulipandishwa hadhi ukawa jiji, la nne katika Kenya baada ya Nairobi, Mombasa na Kisumu, na hesabu zilizokuwa zikitolewa kwa kaunti ndogo zikawa na sababu ya kutakiwa pia kwa jiji zima. Kadhalika, sheria ya serikali za kaunti ya mwaka 2012 iliruhusu ngazi ya kijiji iwekwe chini ya wadi, na si ajabu wadi moja ikawa na vijiji vilivyopangwa ilhali jirani yake haina. Kwa yule mwenye mafungu manne, kila badiliko la namna hii ni kufungua programu yote, kutafuta kila mahali alipohoji aina ya kitu, na kuongeza swali jingine. Na pale atakapopasahau pamoja tu, hapo ndipo hesabu zitakapopotea bila ya mtu kujua.

Dawa ya maradhi haya si ngeni. Mwaka 1994 wataalamu wanne, Erich Gamma, Richard Helm, Ralph Johnson na John Vlissides, walitoa kitabu kiitwacho Design Patterns, ambamo walikusanya ruwaza 23 walizoziona zikijirudia katika programu zilizosanifiwa vema, wakazigawa katika mafungu matatu: 5 za kuumbia vitu, 7 za kuviunganisha vitu, na 11 za kuongoza mwenendo wake. Kompositi ni mojawapo ya zile 7 za kuunganisha. Waandishi hao hawakudai kuwa wamevumbua. Walisema wameokota yale ambayo mafundi walikuwa wakiyafanya, wakayapa majina ili yaweze kufundishika. Ndiyo maana ruwaza hii utaikuta mahali pengi ambapo hukuitafuta: katika mafaili ya kompyuta, ambamo folda huweza kuwa na faili au folda nyingine, na katika madirisha ya programu za Java tangu toleo lake la kwanza, ambamo chombo cha kubebea vitufe ni kitu cha jamii ile ile na vitufe vinavyobebwa.

Sasa tuingie katika ujenzi wenyewe. Ruwaza hii ina nguzo tatu. Ya kwanza ni kiolesura, ambacho nitakiita Sehemu. Hiki si kitu bali ni ahadi, nayo ahadi yake ni kwamba yeyote anayejiita Sehemu ataweza kuulizwa jumla yake na atajibu kwa shilingi. Ya pili ni jani, ambalo katika mfano wetu ni Soko. Soko linatimiza ahadi hiyo kwa kuangalia stakabadhi zake lenyewe na kutaja kiasi kilicholipwa. Ya tatu ni tawi, ambalo nitaliita Kundi. Kundi lina orodha ya Sehemu zilizo chini yake, na linapoulizwa jumla halitazami stakabadhi yoyote, kwa kuwa halina, bali humgeukia kila aliye katika orodha yake, humuuliza swali lile lile lililoulizwa lenyewe, na kuyajumlisha majibu. Wadi ni Kundi, kaunti ndogo ni Kundi, na kaunti ni Kundi. Orodha ya Kundi haikuandikwa kuwa ni ya masoko wala ya wadi. Imeandikwa kuwa ni ya Sehemu, na katika neno hilo moja ndimo ilimofichwa hekima yote ya ruwaza hii, kwa sababu Kundi halihitaji kujua kama mtoto wake ni jani au ni Kundi jingine lenye watoto na wajukuu.

Chukua Molo kwa mfano. Kaunti ndogo ya Molo ina wadi nne: Mariashoni, Elburgon, Turi na Molo. Ukiiuliza kaunti ndogo hiyo jumla yake, itaziuliza wadi zake nne moja baada ya nyingine. Elburgon itayauliza masoko yake, nayo masoko, kwa kuwa ni majani, yatajibu papo hapo bila ya kumuuliza mtu. Elburgon itajumlisha na kurudisha jibu juu. Na zitakapokuwa zimejibu zote nne, kaunti ndogo itajumlisha na kukupa neno moja. Ikiwa kesho wadi ya Turi itagawanywa katika vijiji, utaunda Makundi mapya ya vijiji, utayaweka chini ya Turi, utayahamishia masoko, na basi. Hutagusa mstari hata mmoja wa amri za kujumlisha. Ikiwa Mariashoni haitagawanywa, masoko yake yatabaki moja kwa moja chini ya wadi, na mti utakuwa na tawi refu upande mmoja na fupi upande wa pili, wala muulizaji hatatambua tofauti. Haba na haba hujaza kibaba, na hapa kila ngazi hujaza kibaba chake yenyewe na kukimimina katika cha mkubwa wake.

Hayo ndiyo manufaa. Lakini mwenye kununua nyumba hatosheki na kusifiwa kuta, na mimi nataka nikae zaidi katika yale mambo ambayo vitabu huyapitia kwa haraka, ilhali ndiyo yanayowatesa watu kazini.

Jambo la kwanza ni majina. Katika kaunti hii kuna wadi mbili ziitwazo Biashara, moja katika Nakuru Town East na nyingine Naivasha. Molo ni jina la mji, la wadi na la kaunti ndogo. Kadhalika Njoro, Gilgil, Subukia na Bahati ni majina ya kaunti ndogo na pia ya wadi zilizomo ndani yake. Basi programu itakayomtafuta mtoto kwa jina lake itamtia ushuru wa Naivasha mtu wa Nakuru, na hakuna kengele itakayolia, kwa sababu jumla ya kaunti itabaki sahihi na ni jumla za chini tu zitakazoharibika. Kila Sehemu na ipewe namba yake isiyobadilika na isiyotumiwa na nyingine, na jina libaki kuwa pambo la kuonyeshwa kwa watu; na unapolionyesha, lionyeshe pamoja na ukoo wake, kama vile Naivasha, Biashara, ili msomaji wa ripoti asipotezwe na jina.

Jambo la pili ni makao ya ukweli. Katika mti uliojengwa vema, tarakimu za asili hukaa katika majani peke yake, na kila kilicho juu yake ni hesabu inayoweza kufanywa upya wakati wowote. Wakenya tumeifahamu maana ya kanuni hii katika uchaguzi wa rais. Kura hutangazwa kwanza katika kituo, zikaandikwa katika fomu 34A. Hujumlishwa katika eneo bunge, katika fomu 34B. Kisha hujumlishwa kwa taifa zima, katika fomu 34C. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi ilipoziweka wazi fomu za 34A za vituo zaidi ya 46,000, raia yeyote mwenye subira na kompyuta aliweza kujumlisha mwenyewe kuanzia chini hadi juu, na kulinganisha jibu lake na lile lililotangazwa. Hivyo ndivyo inavyofaa kwa programu yako pia: anayeitilia shaka jumla ya kaunti na aweze kushuka ngazi kwa ngazi, hadi afike kwenye stakabadhi ya mchuuzi mmoja katika soko moja. Usiruhusu kamwe mtu kuandika tarakimu katika wadi kwa mkono wake. Mara wadi itakapokuwa na kiasi chake na pia jumla ya watoto wake, utakuwa na kweli mbili, na kweli mbili zinazohitilafiana ni sawa na kutokuwa na kweli.

Hapa watu huuliza kama haingekuwa wepesi kuihifadhi jumla katika kila Kundi ili isihesabiwe tena na tena. Jibu langu ni kwamba usifanye hivyo mpaka uwe umepima na kuona kwamba kuna uchovu. Mti wa wadi 55, hata kila wadi ikiwa na masoko kumi, ni mti mdogo mno. Kompyuta ya kawaida huumaliza kabla kidole hakijaondoka kwenye kitufe. Iwapo baadaye miamala itakuwa mamilioni na ukalazimika kuhifadhi jumla, basi fahamu gharama yake: kila badiliko katika jani litapaswa kupeleka habari kwa mzazi, na mzazi kwa mzazi wake, hadi mzizini, ili jumla zote za kale zibatilike kwa pamoja. Ukimsahau mmoja njiani, utakuwa na kaunti inayosema jambo ambalo wadi zake hazikulisema.

Jambo la tatu linahusu amri za kuongeza na kuondoa watoto, na juu yake wenyewe wale wanne walikiri kuwa kuna mvutano. Ukiziweka amri hizo katika kiolesura cha Sehemu, vitu vyote vitafanana kabisa, na muulizaji hatakuwa na haja ya kujua chochote. Lakini hapo utakuwa umelipa Soko uwezo wa kuongezewa mtoto, jambo lisilo na maana, na itabidi uamue Soko lifanye nini likiamriwa hivyo. Ukiziweka katika Kundi peke yake, kosa hilo litakamatwa mapema, pengine kabla programu haijaanza kwenda. Lakini mwenye kutaka kuongeza atalazimika kujua kwamba aliye mbele yake ni Kundi. Wao walielekea upande wa kufanana. Mimi, kwa programu zinazohusu fedha za watu, nashauri upande wa usalama, kwa hoja hii: wanaouliza jumla ni wengi, wametapakaa katika kila ripoti na kila ukurasa, ilhali anayeujenga mti ni mmoja, yaani lile fungu la amri linalosoma wadi na masoko kutoka hifadhidata, na si taabu kumtaka mmoja ajue anachokijenga. Ikiwa hata hivyo utachagua upande wa kufanana, basi Soko likiongezewa mtoto na lipige kelele na kuisimamisha kazi. Baya kuliko yote ni Soko linalopokea amri hiyo kimya na kuitupa.

Jambo la nne ni mzazi. Mara nyingi utahitaji kupanda juu, kwa mfano kutoka kwa soko kwenda kwa wadi yake ili uandike anwani kamili katika stakabadhi, na kwa hiyo kila Sehemu itabidi imkumbuke mzazi wake. Sharti moja na lishikwe hapo: kumbukumbu ya mzazi ibadilishwe mahali pamoja tu, ndani ya amri ya kuongeza na ya kuondoa ya Kundi, wala isiguswe na mkono mwingine, la sivyo itatokea siku soko linasema mzazi wangu ni wadi ya Lare ilhali Lare haina habari nalo. Katika amri hiyo hiyo weka ulinzi mwingine, kwamba hakuna Kundi litakaloruhusiwa kuwa chini ya kizazi chake lenyewe. Kosa hili huonekana kama haliwezekani, lakini afisa aliyechoka akihamisha maeneo kwenye skrini huweza kulifanya kwa kubofya mara moja, na programu ikianza kujumlisha itazunguka bila ya kikomo hadi ivunjike. Kupanda kutoka kwa mzazi mpya hadi mzizini, ukihakikisha kwamba hukutani na mtoto unayemweka, ni mistari michache inayoepusha balaa kubwa. Kuhusu hofu ya kwamba amri inayojiita tena na tena yaweza kuijaza kumbukumbu ya kompyuta, usiwe na wasiwasi katika miti ya utawala: Python, kwa kawaida yake, huruhusu miito ipatayo 1,000 iliyopandana, na sisi hatuna ngazi zaidi ya tano au sita.

Jambo la tano ni lile ambalo naliona likiwakosesha hata wenye ujuzi: si kila swali hujumlishika. Jumla ya jumla ni jumla, na kubwa kuliko makubwa yote ni kubwa kuliko yote. Lakini wastani wa wastani si wastani. Tuseme soko moja lina wachuuzi 10, na kila mmoja kwa wastani amelipa shilingi 200. Na soko la pili lina wachuuzi 90, na kila mmoja kwa wastani amelipa shilingi 100. Wadi ikiyauliza masoko haya wastani wake na kuugawa kati, itapata shilingi 150, ilhali fedha zote ni shilingi 11,000 kwa watu 100, na wastani wa haki ni shilingi 110. Basi usiwaulize watoto wastani. Waulize kiasi na idadi, vipande viwili vinavyojumlishika, kisha gawanya mwishoni, pale swali lilipoulizwa. Na idadi nayo ina mtego wake. Mchuuzi wa viazi aweza kuuza Elburgon siku moja na Molo siku nyingine; ukihesabu wachuuzi wa kila soko na kuwajumlisha, utakuwa umemhesabu mara mbili. Swali kama hilo halijibiki kwa namba. Watoto sharti warudishe orodha ya vitambulisho, na Kundi liziunganishe orodha na kufuta marudio kabla ya kuhesabu.

Mtego wa jamii hiyo hiyo upo Olkaria, karibu na Naivasha, kwa atakayetaka kuitumia ruwaza hii katika mambo ya umeme wa mvuke. Kituo cha kwanza, kilichoanza mwaka 1981 na kukamilika mwaka 1985, kilikuwa na mitambo mitatu ya megawati 15, jumla megawati 45; kituo cha pili kina mitambo mitatu ya megawati 35, jumla megawati 105. Mtambo ni jani, kituo ni tawi, uwanja mzima ni mzizi, na uwezo hujumlishika bila ya shida. Lakini uwezo si uzalishaji, na mwenye kuuliza umeme uliozalishwa saa fulani sharti ayaulize majani swali jingine, lenye saa ndani yake, kwa kuwa mtambo ulio katika matengenezo hauzalishi hata kama uwezo wake haujapungua. Amua kwa hiyo maswali ambayo kila Sehemu itaahidi kuyajibu, uyape majina yaliyo dhahiri, na uyaweke machache. Kiolesura chenye maswali ishirini hulilazimisha jani kuahidi mambo lisiyoyajua.

Nimefika sasa kwenye shauri ninalolithamini zaidi. Fikra ya kukusanya ruwaza wale wanne waliipata kwa msanifu wa majengo, Christopher Alexander, aliyezaliwa Vienna mwaka 1936, akasomesha katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Berkeley, na mwaka 1977 akatoa pamoja na wenzake mkusanyo wa ruwaza 253 za kujengea miji na nyumba. Lakini miaka 12 kabla ya mkusanyo huo, yaani mwaka 1965, mtu huyo huyo alitangaza makala yenye hoja kwamba mji si mti: kwamba wapangaji wa miji mipya hukosea wanapougawa mji katika mafungu yasiyogusana, kila kitu kikiwa na mzazi mmoja tu, ilhali katika miji iliyo hai mambo hupishana na kuingiliana, na kitu kimoja huwa cha mafungu mengi kwa wakati mmoja. Yeyote anayetaka kutumia Kompositi anapaswa kuitia hoja hiyo moyoni, kwa sababu Kompositi hudai kila kitu kiwe na mzazi mmoja.

Itazame Nakuru kwa jicho hilo. Wadi ya Flamingo imo katika kaunti ndogo, na papo hapo imo katika jiji, ambalo halikutoshea ndani ya kaunti ndogo moja. Serikali ya taifa nayo ina daraja lake katika ardhi hiyo hiyo, lenye kamishna wa kaunti, naibu wake, tarafa, lokesheni na lokesheni ndogo zenye machifu na manaibu wao, na mipaka yake si sharti ifuatane na ile ya wadi. Kisha kuna maji, ambayo hayajali sheria yoyote ya mipaka: Mto Njoro huteremka kutoka Mau ya mashariki, ukapita Njoro na kuingia Ziwa Nakuru, Mto Molo huelekea kaskazini hadi Ziwa Baringo, nje ya kaunti kabisa, na Mto Malewa hutoka milima ya Nyandarua, kaunti nyingine, ukaja kulijaza Ziwa Naivasha. Kisima kimoja, kwa hiyo, ni cha wadi katika hesabu za kaunti, ni cha lokesheni katika hesabu za chifu, na ni cha bonde la mto katika hesabu za maji.

Mwandishi anayelazimisha mambo haya yote ndani ya mti mmoja atafanya moja katika mabaya mawili: ama atamweka mtoto chini ya wazazi wawili, na jumla ya mzizi itamhesabu mara mbili; ama atachagua mzazi mmoja, na swali la wenye bonde la mto halitajibika milele. Nasaha yangu ni kwamba ujenge miti miwili au mitatu iliyo mbalimbali, kila mmoja ukiwa mti wa haki wenye mzizi wake, na majani yake yaelekeze kwa kisima kile kile kilichohifadhiwa mara moja tu. Jani la mti wa wadi litamkumbuka mzazi wake wa wadi, na jani la mti wa maji mzazi wake wa bonde, lakini kisima chenyewe hakitajua mzazi yeyote. Kitajua maji yake tu. Kwa njia hiyo kila mti utajumlisha kwa uadilifu, na hakuna hata mmoja utakaoudhulumu mwingine.

Yapo bado mambo mawili ya kuhifadhi. Katika hifadhidata, njia iliyo nyepesi ni jedwali moja la Sehemu lenye safu ya namba ya mzazi, na kanuni za SQL tangu mwaka 1999 zimeruhusu ombi moja linalojirudia kushuka ngazi zote. PostgreSQL, SQLite na MySQL tangu toleo la 8 hulifahamu ombi hilo. Litumie kuusoma mti wote kwa safari moja, kisha uujenge katika kumbukumbu, badala ya kwenda kwenye hifadhidata kwa kila tawi, maana safari hizo ndizo zinazochosha programu na si hesabu. Na kwa kuwa mipaka huhamishwa, kila uhusiano wa mtoto na mzazi uandikwe tangu lini hadi lini, ili soko lililohamishiwa wadi nyingine mwaka huu lisiondoke na mapato ya mwaka jana, na ripoti iliyochapishwa isipingwe na kompyuta ile ile iliyoitoa.

Wala si kila mahali panaistahili ruwaza hii. Ikiwa daraja lako lina ngazi mbili tu na hutarajii ya tatu, orodha ya kawaida yakutosha. Ikiwa kila ngazi inaulizwa swali lake mbali lisilofanana na la mwenzake, kwa mfano wadi inaulizwa jina la mwakilishi wake na soko linaulizwa saa za kufungua, basi hakuna ahadi ya pamoja, na kiolesura utakachokibuni kitakuwa cha kulazimisha. Kompositi ni kwa ajili ya swali moja linaloulizwa katika ngazi nyingi.

Kwa hiyo, kabla hujaandika mstari wa kwanza, chukua karatasi na uchore daraja lako kwa majina ya kweli ya mahali unapopahudumia. Andika chini yake kila swali litakaloulizwa, ujiulize kama swali hilo lina maana kwa jani na kwa tawi, na kama majibu yake yanajumlishika. Tafuta kwa bidii kitu kimoja chenye wazazi wawili. Ukikipata, chora mti wa pili. Kisha mpelekee mchoro huo karani anayeshika vitabu vya soko, maana yeye ndiye ajuaye ni wapi wadi mbili zinagombania soko moja na ni kibanda kipi kilichohamishwa, na umsikilize mpaka amalize. Programu utakayoiandika baada ya hapo itakuwa fupi, na atakayeirithi ataweza kuongeza ngazi mpya bila ya kukutafuta wewe uliyeiandika.